Pima Kumi na Tatu za Filamu

Cheti namba 17 cha mafunzo ya projekta na misingi ya kamera kilitolewa Dar es Salaam siku ya Ijumaa, tarehe 28 Septemba 1973, kwa jina la Mwanamkuu Saidi wa Tabora, umri miaka ishirini na miwili. Kozi ilikuwa ya miezi tisa. Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja, na kati yao wanawake sita.

Cheti hicho kimetundikwa sebuleni kwa mama yake mkubwa, Bi Mwanne Abasi, mtaa wa Gongoni. Bi Mwanne ni msusi wa mikeka. Mwanamkuu alihamia kwake akiwa na miaka tisa, baada ya baba yake, fundi cherehani, kufariki, na mama yake kuolewa tena Ujiji. Miyaa hukaushwa uani, ukili, ukanda mrefu wa kushonea mkeka, husukwa barazani, na aliye na mikono mitupu hupewa kazi. Mwanamkuu anasema alijifunza kukaa kimya na kuangalia vidole vya mtu kabla hajajua kusoma vizuri.

Aliporudi na cheti alipewa kazi kwenye gari la sinema la mkoa: Landrova moja, jenereta moja, projekta moja, kitambaa cheupe cha kutandaza kati ya nguzo mbili. Dereva ni Ngollo, Msukuma wa makamo mwenye mzaha usiokwisha. Walionyesha filamu za kilimo cha pamba, za kuchemsha maji, za kujenga vyoo. Mwanamkuu alizionyesha zote na hakupiga hata moja. Mkoa hauna kamera.

Wanawake wenzake watano hawakuwa na bahati kubwa zaidi. Eustadia alibaki Dar es Salaam, chumba cha kukata na kuunganisha filamu. Mmoja alipata kazi kwenye televisheni ya Zanzibar, mmoja yuko Dodoma, mmoja aliolewa Moshi akaacha. Wa tano, Manjula Popatlal, alirudi Tabora hiyohiyo kwenye studio ya baba yake, kupiga picha za pasipoti na za maharusi.

Walipoagana walijiita Chumba cha Giza, kwa sababu humo ndimo walimozoeana. Hawakuwa na katiba wala mwenyekiti. Walikuwa na jambo moja tu. Mpiga picha anapomaliza kazi, mara nyingi hubaki futi kadhaa za filamu mwishoni mwa mviringo, safi, ambazo hazijaona mwanga. Ni fupi mno kwa kazi ya ofisi, hivyo hutupwa. Wao waliita vipande hivyo mikia. Kila aliyekuwa karibu na filamu aliomba mikia hiyo, akampelekea Eustadia, naye aliiunganisha gizani kwa kupapasa. Ilipotimia filamu ya dakika tatu, mmoja wao alipewa, kwa zamu, apige kitu chake mwenyewe.

Mikia ilisafiri kwa reli ya kati ndani ya makopo ya halua, mikononi mwa mke wa gadi wa treni anayekaa Gongoni, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Mwanne. Kila mara makopo yalikuja mawili: moja la filamu, moja la halua ya kweli, ili asiwepo wa kuuliza. Kitu cha kutupwa kikibebwa kwa uangalifu huonekana kimeibwa. Ndiyo maana hawakumweleza mtu. Hata Bi Mwanne hakuelezwa. Aliambiwa tu kwamba ni makopo ya wenzake wa kozi, naye kwa miezi kumi na minne alikula halua ya watu asiowajua.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Mwanamkuu, na haikuwa zamu ya kujifurahisha. Mwezi Januari Eustadia aliandika kwamba kozi ya mwaka mmoja ya upigaji picha za filamu itaanza Julai na itachukua wanane kutoka nchi nzima. Mwombaji alete filamu aliyoipiga mwenyewe, isiyopungua dakika tatu, kabla ya saa tisa alasiri ya Ijumaa, Aprili 30, 1976. Awe hajatimiza miaka ishirini na mitano tarehe ya kuleta maombi. Mwanamkuu anatimiza Julai 19. Mwaka ujao asingekuwa na la kuomba.

Februari ikaja barua nyingine, hii ya ofisini. Mwenyekiti wa kijiji kimoja alikuwa ameandika kulalamika kwamba gari la sinema linamlaza mwanamke nje pamoja na wanaume. Mkuu wa ofisi, Bwana Raymundi, alimwita akamsomea.

"Mimi binafsi sina neno na wewe," alimwambia. "Lakini kuanzia Juni mosi utakaa kwenye taipu. Ni kazi ya kivulini, hata wazazi watafurahi."

"Taipu sijasomea, mzee."

"Vidole unavyo."

Ngollo aliposikia aliacha mzaha. "Basi mayo, mama yangu," alisema, "hiyo kozi uipate, kisha urudi garini. Mimi mashine ile sitaiendesha na mtu mwingine, wenzio wote wanasinzia."

Kamera iliazimwa kutoka Dar es Salaam kwa siku kumi. Ilikuja na mtu wa ofisi, ikarudi na mtu wa ofisi Alhamisi, Aprili 15. Filamu iliyokuwemo, futi mia moja na kumi zilizounganishwa kutoka mikia mitano, haikuwa ya ofisi. Mwanamkuu aliitoa na kubaki nayo.

Alikuwa ameipigia Kigwa, siku tatu, kuanzia Jumatatu ya tarehe 12. Hapo alimfuata mjane mmoja, Bi Kalunde, ambaye nyumba yake ilikuwa nje ya mstari wa kijiji kipya cha ujamaa na ilitakiwa kubomolewa. Bi Kalunde alikubali kuhama. Kitu kimoja hakukubali kukiacha.

"Mlango huu aliuchonga marehemu mume wangu, wa mninga," alimwambia Mwanamkuu. "Nimeambiwa niiache nyumba. Mlango sikuambiwa."

Mwanamkuu alipanga filamu yake kwenye karatasi moja ya daftari. Dakika ya kwanza: Bi Kalunde anang'oa bawaba na kuushusha mlango, nyumba inabaki wazi. Dakika ya pili: anatwishwa mlango, anatembea nao kichwani maili mbili kwenye njia ya zamani ya wapagazi, ile ambayo babu yake aliipita na pembe ya ndovu begani. Dakika ya tatu: mlango unapachikwa nyumba mpya, mwenyewe anaingia, anaufunga kutoka ndani. Hakukuwa na maneno. Alisema aliitaka filamu ambayo mtu wa kijijini Ziba na mtu wa Dar es Salaam wataielewa sawasawa.

Alipiga kila kipande mara moja tu. Hakuwa na filamu ya kurudia, na Bi Kalunde hakuwa na mlango mwingine.

Jumanne, Aprili 20, gari la sinema lilipangiwa kwenda Ziba hadi Jumapili. Mwanamkuu aliifunga filamu kwa karatasi nyeusi, akaitia ndani ya kopo la halua, akazungushia plasta, akaliweka chini ya kitanda. Kopo la pili, tupu, aliliweka juu yake. Alimwambia Bi Mwanne kwamba Alhamisi mke wa gadi atapitia makopo hayo kuyarudisha kwa mwenyewe. Hakumwambia asiyafungue. Anasema alifikiri kumkataza ndiko kungemfanya aulize.

Yaliyofuata ni Bi Mwanne aliyeyaeleza, bila kuficha kitu.

Jumatano asubuhi alilitoa kopo lenye plasta na kulipima mkononi. Lilikuwa jepesi. Akaona kwamba mtoto anarudisha makopo matupu tena. Miezi kumi na minne watu wanaleta halua, na kutoka nyumba yake hakikutoka hata kisahani cha karanga. Gongoni chombo cha mtu hakirudi kitupu. Anayekirudisha kitupu amesema kwamba hataki tena kuletewa.

Alikuwa na asali ya miyombo aliyoletewa na jamaa kutoka Sikonge. Alibandua plasta, akafungua, akakuta karatasi nyeusi. Ndani ya karatasi kulikuwa na ukanda mwembamba, laini, umeviringwa vizuri kama ukili.

"Nikajua ni wa kuzibia kopo lisipige kelele njiani," alisema. "Nikauvuta nione kama ni imara, labda unafaa kupindia kingo za mkeka. Nikauvuta, unakuja. Nikaupima."

Msusi hashiki ukanda bila kuupima. Aliupima kwa pima, mikono miwili imenyooshwa, kama anavyopima ukili wa kuuza, pale barazani, saa nne ya asubuhi, jua likiwa limefika kizingitini. Alipofika pima kumi na tatu jirani, Bi Zuhura, alimwita. Akauviringa upya, akaukaza vizuri, akaufunga kwa karatasi yake, akautia katika kasha la kanga asije akapoteza mali ya mtu. Kisha akaosha makopo yote mawili, akayajaza asali, akazungushia plasta.

Eustadia aliyapokea makopo Jumamosi, akaenda nayo chumba cha giza, akafunga mlango, akazima taa. Filamu mbichi haifunguliwi penye mwanga wowote, kwa hiyo alifungua la kwanza, kisha la pili, bila kuona na kuingiza vidole. Aliandika baadaye kwamba alikaa hivyo kwa muda, mkono ndani ya kopo, akitumaini kwamba chini kuna kitu.

Simu ya maandishi ilifika ofisini Tabora Jumatatu, Aprili 26, asubuhi. Maneno sita: KOPO LINA ASALI. FILAMU IKO WAPI.

Ngollo ndiye aliyempelekea, akicheka. "Dada, wenzio wamelewa huko. Wanaandikiana habari za asali." Alipomwona uso aliacha kucheka. "Kuna nini?"

"Nipeleke nyumbani."

"Gari halina kibali cha kutoka."

"Basi nitakimbia," alisema, na alikimbia.

Bi Mwanne alikuwa barazani. Mwanamkuu aliamkia huku akihema. "Shikamoo, Mama. Kilichokuwa ndani ya kopo kiko wapi?"

"Marahaba. Kipo, nimekitunza." Bi Mwanne akaingia, akafungua kasha, akatoa furushi. "Sijakata hata shubiri."

Mwanamkuu alilipokea kwa mikono miwili na kuketi chini. Aliuliza jambo moja: ulivutwa kiasi gani. Bi Mwanne hakusita. Pima kumi na tatu. Ndipo alipoelezwa, kwa sentensi chache, ukanda ule ni kitu gani, mwanga huufanya nini, na Ijumaa kuna nini.

Bi Mwanne hakulia. Alisema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utauliza."

"Ningeuliza. Halafu ungenijibu."

Hesabu ilikuwa hivi. Ndani ya kamera filamu hujiviringa ikianza na picha ya kwanza. Ya kwanza hukaa moyoni, ya mwisho hukaa nje. Kilichovutwa juani kilikuwa cha nje: Bi Kalunde akiufunga mlango wake mpya, na karibu safari yote ya njiani. Kilichobaki kimeviringwa, kama kilibaki, ni mwanamke akiung'oa mlango. Lakini huwezi kujua ulipoishia mwanga mpaka ufike hapo gizani, na alama pekee ya mahali hapo ilikuwa urefu wa mikono ya Bi Mwanne.

Saa nane mchana watatu walikuwa ndani ya chumba cha giza cha studio ya Popatlal. Manjula alibana taulo chini ya mlango.

"Bi mkubwa, nikizima usishtuke. Hata taa nyekundu siwashi, filamu hii inaiona."

"Nishtuke nini? Nimekula chumvi ya miaka sitini kwa kibatari kimoja."

Taa ikazimwa. Palikuwa na harufu ya dawa na joto la bati.

"Mnashinda humu kama popo," Bi Mwanne alisema.

"Popo angalau anaona, Bi mkubwa."

Mwanamkuu alimkabidhi ncha. Bi Mwanne akaanza kupima, akihesabu kwa sauti ndogo, na Manjula akipokea ukanda uliopimwa asiukanyage mtu. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye ya saba akaacha.

"Mwanangu, mikono inatetemeka. Pima ya mtu anayetetemeka ni fupi. Nitakudanganya."

"Anza tena, Mama."

Waliurudisha wote, kwa kupapasa, kama dakika kumi. Bi Mwanne aliomba kitu cha kuegemea mgongo, Manjula akampa ubao wa kukaushia picha. Safari hii alihesabu mpaka kumi na tatu.

"Hapa. Hapa ndipo aliponiita Bi Zuhura."

Mwanamkuu akaukata kwa mkasi. Kutoka upande uliobaki alikata shubiri moja, Manjula akaitia katika dawa na kuhesabu. Ilipokwisha kuoshwa, na filamu iliyobaki imefungwa tena katika karatasi nyeusi, waliwasha taa. Manjula aliishika mbele ya balbu, akaweka lenzi.

"Pembeni pameungua," alisema. "Peusi kama masizi, pande zote mbili. Katikati kuna mtu."

"Anafanya nini?" Mwanamkuu aliuliza.

"Ameshika kitu kichwani. Hapana, hajakitwika bado. Anasaidiwa."

Mwanamkuu aliangalia mwenyewe. Ulikuwa mwanzo wa dakika ya pili. Alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akalia, bila sauti, mdomo ukiwa wazi. Bi Mwanne alisimama kando yake na mikono yake imeshikana mbele, kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Nikienda mimi nikawaambie?" alisema. "Nikawaambie wale wakubwa kwamba ni mimi?"

"Hawapokei maneno, Mama. Wanapokea dakika."

Manjula alipima mikono ya Bi Mwanne kwa rula ya studio. Pima yake ni futi tano na inchi nne. Pima kumi na tatu ni futi sitini na tisa na inchi nne. Zilibaki futi arobaini na kitu, ambazo kwenye projekta ni sekunde sitini na saba. Fomu ilitaka mia moja na themanini.

Simu ya maandishi ya Chumba cha Giza ilikuja Jumanne: LETE ILIYOBAKI. Mwanamkuu alipanda treni kuipeleka mwenyewe. Yule wa Dodoma alimpokea stesheni kwa dakika chache treni iliposimama, akampa uji ndani ya chupa ya chai. Yule wa Zanzibar alikuwa ameandika barua kwa mkufunzi wao wa zamani kumwomba aiangalie filamu kabla ya kuhesabu dakika zake. Eustadia aliisafisha filamu Alhamisi, akaondoa vipande vilivyoungua kabisa. Zilibaki sekunde hamsini na mbili. Waliikabidhi Ijumaa saa nane na nusu, pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo ambao mpokeaji aliwarudishia, kwa sababu haukuwa miongoni mwa vitu vilivyotakiwa.

Jibu lina tarehe 18 Mei. Linasema filamu ni pungufu kwa urefu, na kwamba inamwonyesha mwanamke akivunja nyumba yake bila kuonyesha anakohamia. Chini, kwa kalamu, mtu ameandika: Mpiga picha huyu ana jicho, aombe tena mwakani. Mtu huyo hakuangalia tarehe ya kuzaliwa.

Mwanamkuu alimpelekea Bi Kalunde habari mwenyewe, kwa treni, Kigwa. Bi Kalunde alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama kwenye ule mlango.

"Kwa hiyo huko Dar es Salaam wanajua niliung'oa tu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hawajui kwamba upo hapa."

"Hawajui."

Bi Kalunde aliusukuma mlango ukafungika, akaufungua tena, akamkaribisha ndani.

Mwanamkuu alianza kazi ya taipu Jumanne, Juni mosi. Anapiga maneno kumi na manane kwa dakika. Ngollo ana msaidizi mpya kwenye gari la sinema, ambaye, kwa maelezo ya Ngollo, anasinzia.

Wenzake waliandika kutaka zamu inayofuata apewe tena yeye. Alikataa. Hana anakoipeleka. Zamu imekwenda kwa Manjula, mwenye miaka ishirini na mitatu, na makopo yameanza kuja studio. Bi Mwanne hupelekewa la halua, naye hulirudisha na asali. Lingine haligusi. Hakanyagi hata eneo lilipowekwa.

Mwezi Agosti Manjula atakwenda Kigwa, kwa Bi Kalunde, na kamera ya kuazima kwa siku tatu. Mwanamkuu ameomba likizo siku hizo, ambebee mizigo.